Mitungi ya Baruti

Hapo zamani, enzi za magobori, bunduki zile za kushindiliwa baruti kupitia mdomoni, ambazo mtu akishapiga mara moja inambidi amwombe mnyama amsubiri, palikuwa na kijiji kimoja kikiitwa Nambunda. Nyuma yake pori. Mbele yake kijito. Ng'ambo ya kijito bonde la mtama, na mwisho wa bonde mwamba mkubwa mweusi usioota hata jani.

Kijijini humo aliishi mfinyanzi mmoja, Abiti Nampota, yaani binti wa Nampota, mjane ambaye hakujaliwa kunong'ona. Akigombana na chungu chake jikoni, watu wa kijitoni wanasikia. Na ukuta kwa ukuta naye aliishi mrina asali, Che Limbende, yaani Bwana Limbende, mtu mkimya, mwenye gobori lililopigwa mafuta mpaka linang'aa kama jicho la samaki.

Basi msimu mmoja wachuuzi na wapagazi wao waliotoka pwani na mzigo wa mwisho walileta habari: baruti haitapanda tena bara. Wakubwa wa huko wamefunga njia. Iliyopo ndiyo iliyopo.

Wacha wee! Wenye bunduki wa Nambunda walishikwa na wazimu. Mwenye kuku alitoa kuku, mwenye mkeka akatoa mkeka. Mmoja alitaka kutoa mlango wa nyumba yake, mkewe akaushika. Lakini Che Limbende alikuwa na asali, na alikuwa na nta. Akatoa asali akapata baruti. Akatoa nta akapata baruti. Akarudi porini, akarina tena, akabadilisha tena, mpaka wachuuzi wakaikung'uta mifuko yao na kwenda zao. Wenzake walirudi majumbani na baruti ya kupaka kucha. Yeye alirudi na mizigo.

Aliiweka wapi? Nyumbani. Chini ya kitanda baruti. Darini baruti. Nyuma ya ghala la mahindi baruti. Na moto wa kupikia ukawaka mle mle ndani, kama kawaida ya siku zote.

Abiti Nampota alikuwa na sababu ya kuiogopa baruti ile. Baba yake, Nampota, alikuwa mwindaji kijiji kingine, naye aliweka baruti chini ya kitanda. Siku moja cheche iliruka kutoka mafigani. Msichana Abiti Nampota alikuwa kisimani. Alisikia mlio, akadhani ni radi, akashangaa kuwa mbingu ni nyeupe. Aliporudi hakukuta nyumba, hakukuta baba, hakukuta mdogo wake wa kike. Alikuta miti ya jirani imevaa nguo zao.

Kwa hiyo alikwenda mlangoni kwa jirani.

"Hodi, Che Limbende."

"Karibu, Abiti Nampota. Ingia."

"Siingii. Humo mwako hamwingiliki. Hiyo baruti utaiondoa lini?"

"Siiondoi."

"Utatuua."

"Nitawaponya," alisema Che Limbende. Halafu, ingawa hakuwa mtu wa maneno, akaendelea. "Mwaka ule wa wavamizi ulikuwa hujaolewa hapa. Ndugu zangu walisimama kwenye lango la kijiji na bunduki mikononi. Bunduki nzima, mikono mizima, baruti imekwisha. Waliwekwa chini kama kuni. Mimi nilikuwa juu ya mti nashusha mzinga, nikayaona yote. Tangu siku hiyo sisikii mtu akiniambia baruti imezidi. Baruti haizidi."

Abiti Nampota alirudi kwake akiwa na hasira, na hasira ilimuuma zaidi kwa sababu maneno ya yule mtu yalikuwa yamemwingia. Alikaa mbele ya udongo wake akaukanda mpaka ukawa laini kuliko unavyotakiwa. Asubuhi akaenda kwa Jumbe Chingwala, mkuu wa kijiji, akaomba baraza.

Baraza lilijaa. Walikuja hata wale ambao huwa wanaumwa mgongo siku za baraza.

Abiti Nampota akasimama. "Jumbe, mimi sisemi Che Limbende amenyang'anya mtu. Ametoa asali yake, amepata baruti yake. Ila nyumba zetu zimeshikana, makuti kwa makuti. Ikilipuka, haitauliza huyu ni mwenye mali na huyu ni jirani."

"Na sisi je?" alidakia mwenye gobori mmoja. "Yeye amelalia baruti, sisi tuna magobori ya kusukumia ng'ombe. Tembo wakija tuwapigie makofi? Igawanywe!"

"Igawanywe!" wakaitikia wenye bunduki wenzake.

"Haya, anza wewe," alisema Che Limbende bila kupaza sauti. "Gawanya mbuzi wako. Leo mkipima baruti yangu, kesho mtapima chumvi yangu, kesho kutwa mtaingia chumbani mpime godoro."

Watu wakacheka, lakini wengi walitikisa vichwa kukubali, maana hakuna mtu aliyependa kupimiwa chumvi.

Mwishoni alisimama Che Mpulula. Huyu alikuwa mwindaji, kijana bado, mwembamba, anayetembea kama anayeogopa kuiamsha ardhi. Naye alikuwa mwenye gobori, lakini siku ya wachuuzi hakuonekana kabisa sokoni.

"Mimi nawashangaa wote," alisema. "Yule anataka ijae nyumbani kwake, hawa wanataka ijae majumbani kwao. Mtu mwenye baruti nyingi anapiga kabla hajaangalia. Mimi ninayo ya kupiga mara moja. Nikiipiga vibaya, naenda nyumbani."

"Ndiyo maana mama yako anakula mlenda bila nyama!" sauti ikatoka nyuma, na baraza likaanguka kwa kicheko. Che Mpulula naye alicheka, akaketi.

Walibishana mpaka jua likahama upande. Mwishowe Jumbe Chingwala akainua mkono.

"Sikieni. Baruti ni ya Che Limbende. Hakuna atakayeigawa ila yeye. Lakini haitalala tena katikati ya nyumba za watu. Abiti Nampota, wewe uliyeileta kesi, wewe ndiye utakayetafuta mahali na utakayeitengenezea vyombo. Mali ya huyu, mahali pa huyu. Hatafungua mmoja bila mwenzake kuwapo. Nimemaliza."

Je, mnadhani Abiti Nampota alifurahi? Alikwenda nyumbani akinung'unika: amelalamika juu ya mzigo, akatwishwa mzigo! Lakini alichagua udongo wake mzuri kuliko wote, ule aliouweka kwa ajili ya vyungu vya harusi. Akafinyanga mitungi mipana yenye vifuniko. Akaichoma, akaipoza, akaigongagonga moja moja akisikiliza mlio, na uliolia vibaya akauvunja. Che Limbende akaleta nta ya kuziba vifuniko, hakusalimia, akaiweka kizingitini. Kisha wakaibeba baruti, safari baada ya safari, kuvuka kijito, kukatiza bonde la mtama, hadi kwenye pango la mwamba mweusi, mahali ambapo moto ukitaka kufika utakuta hakuna cha kula.

Njia nzima hawakusemezana. Ila kwenye safari ya mwisho Che Limbende aliteleza kijitoni, na Abiti Nampota, badala ya kuushika mtungi, alimshika yeye. Mtungi nao haukuanguka. Che Limbende aliukumbatia kama mtoto. Wakatazamana.

"Ungeuacha," alisema Abiti Nampota.

"Nisingeweza," alijibu Che Limbende.

Kiangazi kikakaza. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuingia maghalani. Mtama wa bondeni, ambao huchelewa, ulikuwa bado shambani. Majani ya porini yakakauka yakawa yanalia yenyewe. Na siku moja mchana, hakuna ajuaye ulikotokea, moto ukatoka porini ukiwa umeshika upepo.

Moto ule haukutembea, uliruka. Watu walinyakua watoto na wazee wakakimbilia kijitoni. Makuti ya nyumba za Nambunda yalishika moja baada ya jingine, makuti kwa makuti, kama alivyosema mfinyanzi. Nyumba ya Abiti Nampota ikaungua. Nyumba ya Che Limbende ikaungua: kitanda, dari, ghala la mahindi na gobori lake lililong'aa, lote likawa chuma kilichopinda. Wakiwa wamesimama majini hadi viunoni, watu walilitazama paa lile likiporomoka, na kila mmoja akawaza jambo lile lile, na kila mmoja akamtafuta Abiti Nampota kwa macho. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimshika mkono akaubana. Hakuna aliyekufa siku ile. Hata mmoja.

Abiti Nampota alilia, yeye asiyejua kunong'ona akalia bila sauti. Alimlilia mdogo wake.

Moto ulifika kijitoni ukakoma. Bonde la mtama likabaki limesimama, na masuke yake mazito. Maghala yote yalikuwa majivu. Chakula cha Nambunda chote, cha watoto na wazee na wajawazito, cha mwaka mzima, sasa kilikuwa ni mtama ule peke yake.

Na pori nalo lilikuwa limeungua. Tembo wangekula nini?

Walikuja alfajiri, watu wakiwa wamelala ukingoni mwa kijito juu ya mchanga. Kwanza ulisikika mtama ukivunjika. Halafu kulipopambazuka wakaonekana: migongo ya kijivu ndani ya mtama, mingi, ikisogea taratibu bila haraka yoyote, kama watu walioalikwa.

Watu walipiga kelele. Tembo wakainua masikio, wakaendelea kula. Watu walipiga vigae vya vyungu vilivyopasuka kwa vijiti. Tembo wakaendelea kula. Wenye magobori waliyaokoa magobori yao motoni, walikuwa nayo mikononi, na mikono ilikuwa mizima. Baruti hawana.

Che Limbende akawatazama wale wanaume waliosimama na bunduki tupu. Uso wake ulibadilika, na Abiti Nampota, aliyekuwa karibu naye, alijua anaona nini.

"Abiti Nampota," alisema. "Twende tukafungue."

"Tutapita wapi? Wao wapo katikati."

"Tutapita pembeni."

"Pembeni gani? Bonde ni jembamba kama utumbo!"

"Basi utapita nyuma yangu."

"Nipite nyuma yako kwa nini? Mahali ni pangu," alisema Abiti Nampota, akajifunga kanga kiunoni, akatangulia.

Walipita wakiinama, mtama ukiwagusa usoni. Kuna mahali tembo mmoja alikuwa karibu kiasi kwamba walisikia tumbo lake likinguruma. Abiti Nampota akaangalia nyuma, kijitoni. Alitaka kurudi. Akawaza watoto wakiomba uji, wakiambiwa hakuna, wakiomba tena. Akaendelea. Walifika mwambani, wakaingia pangoni. Moshi ulikuwa umepita juu ya mwamba, majivu yamejaa mlangoni, lakini mitungi ilikuwa imekaa vile vile. Che Limbende alikata nta kwa kisu. Akaingiza mkono. Kavu.

Alikaa na mkono ndani ya mtungi kwa muda.

"Nusu tuwape, nusu ibaki?" aliuliza Abiti Nampota. Alimwuliza kwa upole, maana alimwonea huruma.

"Hapana. Yote."

Wakabeba walichoweza kubeba, wakarudi kwa genge la nyuma ya mwamba, lisilopandika ila huteremkika, hadi kijitoni. Che Limbende akaketi chini akawaita wenye bunduki. Hakumwuliza mtu nani alimpinga barazani. Yule aliyepiga kelele "Igawanywe!" alikuja mwishoni, macho chini, akakinga pembe yake ya kutilia baruti. Che Limbende akaijaza mpaka ikamwagika. Mikono yake haikusita. Mwenyewe hakuwa na bunduki tena.

"Na mimi kidogo," alisema Che Mpulula.

"Chukua ya kutosha, mwanangu."

"Kidogo inatosha, Che."

Wakajipanga ukingoni, wakashindilia, wakaelekeza mitutu juu. Jumbe akashusha mkono. Jamani! Ulikuwa mlio ambao Nambunda haikuwahi kuusikia, mlio wa watu waliokuwa na hofu muda mrefu. Moshi ulifunika kijito. Tembo wakapiga yowe, wakageuka, wakatimka kuelekea juu ya bonde, na watu wakarukaruka wakishangilia, wakakumbatiana, wakarusha vilemba.

Walishangilia mapema. Moshi ulipopungua walimwona jike mmoja mkubwa, mwenye pembe moja, ambaye hakukimbia. Ndama wake alikuwa amebaki upande wa huku, amejichanganya kwenye mtama uliolala. Yule jike alisimama katikati ya ndama na watu, akatandaza masikio, akaja. Na kule juu wenzake walisimama. Walikuwa wanamtazama yeye. Akishinda yeye, wote wanarudi.

Magobori yote yalikuwa matupu. Wanaume walishika mifuko ya baruti, wakashindilia kwa pupa, baruti ikamwagika chini, na mnyama anakuja. Mmoja alitupa bunduki akakimbia, akafuatwa na wengine.

Che Mpulula peke yake hakuwa amepiga. Kwenye mlio ule wote gobori lake lilikaa kimya, na hakuna aliyegundua. Sasa alivuka kijito kwa mwendo wake ule ule, akaenda kumkabili. Mama yake akapiga ukelele: "Mpulula! Piga!" Hakupiga. Tembo akakaribia. "Piga, mwanangu!" Hakupiga. Abiti Nampota alitaka kufumba macho, macho yakakataa. Aliona vumbi la miguu ya mnyama likimfikia yule kijana kifuani, ndipo gobori likashuka likapiga ardhi, hapo hapo mbele ya unyayo wa tembo. Udongo ukaruka ukampiga mnyama usoni na mdomoni. Akasimama. Wakatazamana, mtu na tembo. Che Mpulula akarudi nyuma hatua kwa hatua, akimwachia njia. Ndama akachomoka mtamani akakimbilia kwa mama yake, na jike akamsukuma mbele kwa mkonga, wakapanda juu. Wenzao waliokuwa wakitazama wakageuka, wakawafuata. Hawakurudi mwaka ule.

Che Mpulula akaketi chini. Walipomfikia walikuta hawezi kusimama.

"Kwa nini hukumpiga kichwani?" aliulizwa.

"Risasi ya gobori kwa tembo yule ni kama kumchoma mwiba. Angeniua, kisha angewaua nyinyi. Na nilimwona mtoto."

Mtama ukavunwa. Ulioliwa uliliwa, lakini uliobaki ulitosha watu wote kufika kwenye mvua.

Basi wakaanza kujenga. Hawakutaka kujenga juu ya majivu. Walichagua mahali papya, upande ule wa mwamba. Na mahali papya panahitaji jina. Desturi yao ilikuwa kuita kijiji kwa jina la mtu: Kwa fulani. Jumbe Chingwala akasema, "Jina langu halifai. Mimi nilishusha mkono tu. Aseme anayeona kwamba linafaa la kwake."

Che Limbende akasimama kwanza, wala hakuona haya. "Mlinipinga, mkaniona mchoyo. Ningewasikiliza, baruti ingekwisha kwa kupigia kanga na sungura kabla ya tembo kuja. Niliiweka mimi. Nilipoitoa, niliitoa yote, sikubakiza hata ya kunusa. Kijiji kiitwe Kwa Limbende."

"Na ungewaachia wachuuzi kidogo, kila mtu angekuwa na yake!" mtu akasema. Che Limbende akamjibu, "Labda," akaketi.

Che Mpulula aliona haya, hakusimama. Alisimama mama yake. "Baruti ilikuwepo, bunduki zilikuwepo, na wanaume walikuwepo pia mpaka walipokimbia! Mwanangu alibaki. Wengine walipiga, yeye alisubiri. Nilimwona akifa kwa macho haya, akarudi. Kama si yeye, mtama ungeliwa, na baruti yenu ingebaki kuwa moshi. Kiitwe Kwa Mpulula."

Watu wakanguruma kukubali. Kisha wakamgeukia Abiti Nampota.

Yeye alikuwa amejiandaa kukataa. Alikuwa ameandaa maneno mazuri ya unyenyekevu kabisa. Lakini alipofungua kinywa alijikuta analitaka lile jina, analitaka kwa moyo wote, na kwa kuwa hakujua kunong'ona, akasema:

"Nalitaka. Mbona nisiseme? Che Limbende ana haki, yule kijana ana haki. Lakini baruti ingelala pale alipoilaza mwenyewe, siku ya moto tungekufa sote, na yeye angekuwa wa kwanza. Kusingekuwa na wa kugawa, kusingekuwa na wa kusubiri, kusingekuwa na wa kula mtama. Kiitwe Kwa Abiti Nampota."

"Kweli!" wakapiga kelele wanawake.

"Kweli!" wakapiga kelele wenye bunduki, ila wao walimaanisha Che Limbende.

Jumbe Chingwala akawatazama wote. Shimo la nguzo ya kwanza lilikuwa limeshachimbwa, nguzo imeshainuliwa, na jina lilipaswa kutamkwa nguzo inaposhuka. Waliishika wote: mrina asali upande mmoja, mfinyanzi upande mwingine, na kijana mwindaji akiisukuma kwa bega ili isiwaangukie. Hakuna aliyetaka kuiachia, na hakuna aliyemchukia mwenzake.

Sasa nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, mikono yao inachoka. Itamkeni nyinyi: kijiji kile kiitwe Kwa nani?